Mwongozo Kamili: Kuufuatilia Muswada wa Udhibiti Bungeni Dodoma na Kutoa Maoni Yanayoweza Kuingia Katika Sheria

Kila muswada unaogusa leseni, tozo au mamlaka ya udhibiti unapofika Bungeni, napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa vyama vya wafanyabiashara, vikundi vya wasindikaji na wasafirishaji wadogo: tumeandika barua, tumesafiri, hatukusikilizwa. Nikiomba kuiona barua yenyewe, mara nyingi nakuta makosa mawili. Imefika baada ya kamati kumaliza kazi yake, au imefika kwa wakati lakini haitaji hata ibara moja ya muswada.

Mwongozo huu unaeleza safari ya muswada wa Serikali katika Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, hatua kwa hatua, pamoja na kazi unayopaswa kuifanya katika kila hatua. Wasomaji wa Zanzibar wazingatie kwamba mambo yasiyo ya Muungano hupitia Baraza la Wawakilishi, ambalo lina kanuni zake, na wasomaji wa Kenya wasiutumie kabisa, kwa kuwa Katiba yao ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi kuwa sharti la kikatiba na ina mabunge mawili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nakala ya muswada wenyewe kama ulivyochapishwa katika Gazeti la Serikali. Habari ya gazetini au ujumbe uliosambazwa kwenye makundi ya simu hautoshi, kwa sababu huacha namba za ibara, na bila namba huwezi kupendekeza chochote.
- Sheria kuu inayorekebishwa, katika toleo linalotumika sasa. Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, Toleo la 2023, zilianza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu zinaweza kutofautiana na zile za Toleo la 2002 ambalo ofisi nyingi bado wanalo kabatini.
- Kanuni za Kudumu za Bunge, yaani taratibu za kuendesha shughuli za Bunge, toleo la sasa.
- Ratiba ya mkutano wa Bunge na ratiba ya vikao vya kamati, ambazo hutolewa na Ofisi ya Bunge.
- Ushahidi wa gharama zenu: stakabadhi za ada, nakala za leseni na vibali, barua za ukaguzi, tarehe mlizoomba na tarehe mlizojibiwa.
- Barua ya utambulisho wa chama, pamoja na mtu mmoja aliyepewa idhini ya kuzungumza na aliye tayari kufika Dodoma ndani ya siku moja au mbili.

Kuna tofauti moja ya maneno ambayo ni lazima uielewe tangu sasa. Sehemu ya muswada huitwa ibara, na sehemu ya sheria iliyokwisha kutungwa huitwa kifungu. Ibara ya 12 ya muswada inaweza kuwa inarekebisha kifungu cha 27 cha sheria kuu. Ukiandika "tunapinga kifungu cha 12", mwandishi wa kamati atafungua sheria kuu, atakuta jambo lisilohusiana na hoja yako, na karatasi yako itawekwa kando.

## Hatua ya 1: Anza muswada ukiwa bado wizarani

Muswada wa Serikali huanza wizarani, hujadiliwa na wataalamu na makatibu wakuu, hupata idhini ya Baraza la Mawaziri, kisha huandikwa na waandishi wa sheria wa Serikali. Katika kipindi hiki neno linabadilishwa kwa kalamu tu. Muswada ukishachapishwa, kila badiliko linahitaji waziri akubali hadharani kwamba rasimu yake ilikuwa na upungufu.

Sikiliza dalili. Hotuba ya bajeti ya wizara, mkutano wa wadau ulioitishwa na mamlaka, au ripoti ya utekelezaji wa MKUMBI, yaani mpango wa kuboresha mazingira ya biashara ulioidhinishwa 2018 na kuanza kutekelezwa 2019, huonyesha sheria ipi inafuata. Peleka maoni mafupi kwa katibu mkuu wa wizara na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Umefanikiwa ukiwa na nakala hiyo mkononi. Itakufaa mbele ya kamati, kwa kuwa utaweza kuonyesha kwamba hoja yako haikuzuka jana.

## Hatua ya 2: Soma muswada kuanzia nyuma

Muswada huchapishwa pamoja na Madhumuni na Sababu, ambayo huwa mwishoni. Anzia hapo. Waziri anaeleza kila sehemu inakusudia nini, na hapo ndipo utakapoona pengo kati ya kusudio na maneno ya ibara yenyewe. Hoja isemayo "Madhumuni yanasema muswada unapunguza mzigo wa vibali, lakini ibara ya 9 inaongeza kibali kimoja" ina uzito kuliko malalamiko ya kurasa kumi, kwa sababu unamwomba waziri atimize alichokiandika mwenyewe.

Tangu marekebisho ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, huna kisingizio cha lugha. Hata hivyo, Kiswahili cha sheria kina ugumu wake. Soma kwa kalamu na utafute mambo haya:

Kwanza, ibara ya matumizi. Inasema kama sheria itatumika Tanzania Bara tu au pande zote mbili za Muungano. Wako watu waliopinga kwa nguvu sheria isiyowahusu.

Pili, maneno "anaweza" na "ata-". "Mamlaka inaweza kutoa sababu za kukataa maombi" na "Mamlaka itatoa sababu za kukataa maombi" ni sheria mbili tofauti kwa mtu aliyenyimwa leseni.

Tatu, maneno "kama itakavyoainishwa katika kanuni". Ukiyakuta kwenye ada au masharti ya leseni, ujue kwamba unaombwa kukubali bei ambayo bado haijaandikwa, na ambayo itaandikwa baadaye na waziri bila Bunge kuijadili ibara kwa ibara.

Nne, faini. Neno "isiyopungua" huweka kiwango cha chini, na "isiyozidi" huweka kiwango cha juu. Nitalirudia jambo hili kwenye hatua ya tano.

Tano, masharti ya mpito, ambayo kwa kawaida huwa karibu na mwisho. Yanaeleza leseni yako ya sasa itaishi hadi lini baada ya mamlaka ya zamani kufutwa. Sheria inapounda chombo kipya, kama LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilivyochukua nafasi ya SUMATRA 2019, swali la kwanza la mwenye gari barabarani ni kama karatasi aliyonayo bado ni halali, na jibu lake liko katika ibara hizo za mwisho ambazo wengi huchoka kabla hawajazifikia.

## Hatua ya 3: Tambua muswada unapita njia ipi

Njia ndiyo inayokuambia una siku ngapi, na kosa katika hatua hii haliponi.

Njia ya kawaida. Muswada unachapishwa, muda uliowekwa na Kanuni za Kudumu unapita, unasomwa mara ya kwanza, na mara nyingi mjadala wake unasubiri mkutano unaofuata wa Bunge. Hapo una wiki kadhaa, pengine miezi. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022 na haukupitishwa hadi Novemba 2023.

Hati ya dharura. Muswada ukiambatana na hati ya dharura iliyotiwa saini na Rais, hatua zote zinaweza kukamilika ndani ya mkutano mmoja. Miswada ya kulinda rasilimali na kurekebisha sekta ya madini, ambayo ndiyo iliyozaa Tume ya Madini, ilipita mwanzoni mwa Julai 2017 kwa njia hii, siku chache tu baada ya kuwasilishwa. Aliyesubiri barua ya mwaliko ifike kwa posta alikuta kila kitu kimekwisha.

Muswada wa Sheria ya Fedha. Huu huja Juni kila mwaka, baada ya hotuba ya bajeti, na lazima umalizike kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Watu hudhani unahusu kodi peke yake. Sivyo. Sheria ya Fedha ya 2019 ndiyo iliyohamisha udhibiti wa vyakula na vipodozi kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwenda TBS, yaani Shirika la Viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Msindikaji wa chakula aliyekuwa akifuatilia sheria ya chakula tu hakuyaona mageuzi makubwa kuliko yote katika kazi yake yakipita. Kwa muswada huu Kamati ya Bajeti husikiliza wadau kwa siku chache sana, kwa hiyo jedwali lako la mapendekezo, ambalo nalieleza kwenye hatua ya tano, liwe limeandikwa tangu Mei.

Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Muswada mmoja hurekebisha sheria nyingi zisizohusiana. Pitia orodha ya sheria zote zinazoguswa, hata kama jina la sekta yako halimo katika habari za siku hiyo.

Umefanikiwa ukiweza kujibu kwa sentensi moja: muswada huu uko njia hii, kamati yake ni hii, na mkutano wa Bunge utakaoujadili unaanza tarehe hii.

## Hatua ya 4: Kusomwa mara ya kwanza

Hatua hii ni fupi mno. Katibu mezani anasoma jina la muswada na hakuna mjadala. Spika huupeleka muswada kwenye kamati ya kudumu inayohusika.

Usipoteze nauli kuja kusikiliza. Kazi yako siku hiyo ni kuthibitisha umepelekwa kamati ipi na kuwasiliana mara moja na katibu wa kamati hiyo kupitia Ofisi ya Bunge, ukimwarifu kwamba chama chako kinaomba kutoa maoni. Kamati hualika wadau kwa barua au kwa tangazo, na hakuna anayeweza kukualika kama hajui kwamba upo.

## Hatua ya 5: Kamati, mahali ambapo kazi yako inaamuliwa

Kama una nguvu za hatua moja tu, ziweke hapa. Kamati ni kundi dogo la wabunge, wamekaa na waziri na wanasheria wa Serikali, muswada ukiwa wazi mbele yao. Ni mahali pekee katika safari yote ambapo mtu asiye mbunge anapewa nafasi ya kuzungumza.

Nakumbuka kikundi cha wasagishaji wa nafaka waliosafiri usiku kucha kwa basi wakafika Dodoma alfajiri, wakiwa na barua ya kurasa 14 iliyopigwa chapa vizuri. Walifika siku muswada unasomwa mara ya pili. Kamati ilikuwa imeshafunga taarifa yake siku kadhaa nyuma. Waliketi kwenye jukwaa la wageni wakatazama ukijadiliwa, na ile barua ikarudi nao ndani ya bahasha yake. Nikaisoma jioni ile. Hata kama wangewahi, ndani yake hakukuwa na sentensi moja ambayo mbunge angeweza kuinyanyua na kuiweka katika sheria. Niliumia kwa ajili yao, kwa sababu hoja zao zilikuwa za haki kabisa.

### Andika jedwali badala ya barua ya malalamiko

Weka ukurasa mmoja wa utangulizi unaosema ninyi ni nani na mko wangapi. Baada ya hapo weka jedwali lenye safu nne: ibara, inavyosomeka sasa, pendekezo, sababu. Tuchukue mfano wa kubuni wa muswada wa usindikaji wa unga.

*Ibara:* 14(2).

*Inavyosomeka:* "Mtu atakayesindika unga bila leseni hai atakuwa ametenda kosa na akitiwa hatiani atalipa faini isiyopungua shilingi milioni tano."

*Pendekezo:* Ibara ya 14(2) irekebishwe kwa kufuta neno "isiyopungua" na badala yake kuweka neno "isiyozidi".

*Sababu:* Kiwango cha chini kinamnyima hakimu nafasi ya kutofautisha kinu kimoja cha kijijini ambacho leseni yake imechelewa kuhuishwa kwa wiki mbili na kiwanda kilichofanya kazi miaka mitatu bila leseni. Tumeambatisha stakabadhi za wanachama walioomba kuhuisha kabla ya muda na kujibiwa baada ya leseni kuisha.

Angalia kilichotendeka hapo. Hatukupinga udhibiti, hatukuomba faini ifutwe, na tumegusa neno moja tu. Mwandishi wa sheria anaweza kulinakili pendekezo hilo kama lilivyo. Mbunge anaweza kulisoma kwa nusu dakika. Waziri anaweza kulikubali bila kuonekana ameshindwa.

Mapendekezo matano hadi manane yanatosha. Ukiweka arobaini, kamati itachagua mepesi yenyewe na lile linalokuumiza litapotea katikati. Panga kwa uzito, zito kuliko yote likiwa la kwanza, kwa kuwa muda wa kuzungumza unaweza kukatwa bila taarifa.

### Siku ya kikao

Fika na nakala za kutosha wajumbe wote na ziada kidogo. Elekeza maneno yako kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, hata unapomjibu mjumbe mwingine. Usisome jedwali lote. Taja ibara, soma pendekezo, toa sababu moja yenye ushahidi, kisha nenda kwenye ibara inayofuata.

Utaulizwa swali ambalo wengi huwakwamisha: mkikataa hili, mnataka umma ulindwe vipi? Uwe na jibu. Udhibiti una sababu yake, na anayekula unga wenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu wa nafaka, ni mtu halisi. Chama kinachojua kuilinda afya ya mlaji na pia kuondoa kibali kinachojirudia husikilizwa kuliko kinachotaka tu kuachwa peke yake.

Usipopata nafasi ya kuzungumza, wasilisha maandishi kwa katibu wa kamati na ugongewe muhuri. Maoni ya maandishi hufanyiwa kazi pia.

Umefanikiwa endapo wanasheria wa Serikali wamekuuliza maswali juu ya maneno ya pendekezo lako. Pongezi za wajumbe si kipimo. Anayekusahihisha neno anafikiria kuliweka.

## Hatua ya 6: Siku za katikati

Baada ya kusikiliza wadau, kamati hujadiliana na waziri. Yaliyokubaliwa huingia katika Jedwali la Marekebisho ambalo waziri hulileta Bungeni, au katika muswada uliochapishwa upya. Yaliyokataliwa yanaweza kubaki katika maoni na ushauri wa kamati, au yasionekane popote.

Tafuta Jedwali la Marekebisho na ulilinganishe na lako ibara kwa ibara. Pendekezo lako lisipokuwamo, bado njia ipo: mbunge yeyote anaweza kuleta jedwali lake la marekebisho, mradi aliwasilishe kwa Katibu wa Bunge mapema kama kanuni zinavyotaka. Mwendee mbunge wa jimbo lenu au mjumbe wa kamati aliyeonyesha kuelewa, mkiwa na maneno yaliyokwisha kuandikwa. Msimwombe awasemee kwa ujumla, bali mwombeni alete badiliko moja katika ibara moja.

Jambo moja haliwezekani kwa njia hii. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kutoza kodi, au ya kuongeza matumizi ya fedha za umma, isipokuwa Rais awe ameyapendekeza kupitia waziri. Mbunge hawezi kukuletea ruzuku kwa jedwali la marekebisho.

## Hatua ya 7: Kusomwa mara ya pili na Kamati ya Bunge Zima

Waziri anatoa hoja kwamba muswada usomwe mara ya pili, mwenyekiti wa kamati anasoma maoni ya kamati, na kambi ya upinzani ikiwapo inatoa yake. Wabunge wanajadili misingi na ubora wa muswada kwa jumla, na waziri anahitimisha. Hakuna neno la ibara linalobadilika wakati huu, ingawa ndipo kelele zinapokuwa nyingi.

Mabadiliko yanakuja baada ya hapo. Bunge linageuka kuwa Kamati ya Bunge Zima, na utalitambua badiliko hilo kwa sikio: wabunge wanaacha kusema "Mheshimiwa Spika" na kuanza kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti". Ibara zinaitwa moja baada ya nyingine kwa kasi. Ikiwa hakuna jedwali, ibara inapita kwa sekunde chache, na katika Taarifa Rasmi za Bunge utakuta imeandikwa kwamba ilipitishwa bila mabadiliko yoyote. Kama mbunge aliyeahidi kuleta pendekezo lenu hayupo ukumbini namba ya ibara hiyo inapoitwa, pendekezo limekufa. Mkumbusheni asubuhi ile.

Umefanikiwa ukisikia ibara yako ikipitishwa "pamoja na marekebisho yake".

## Hatua ya 8: Mara ya tatu na saini ya Rais

Kusomwa mara ya tatu ni kura ya mwisho juu ya muswada wote, na si mahali pa hoja mpya.

Muswada uliopitishwa bado haujawa sheria. Kwa Ibara ya 97 ya Katiba, Rais anaweza kuukubali, au kuukataa na kuurudisha Bungeni pamoja na sababu. Ukirudishwa, hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Ukienda mara ya pili kwa nguvu hiyo ndani ya miezi hiyo sita, Rais anatakiwa aukubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge. Msijenge mkakati juu ya njia hii. Barua za kumwomba Rais asisaini, ambazo nimeziona nyingi, huandikwa na watu waliokosa kikao cha kamati.

## Hatua ya 9: Tarehe ya kuanza na kanuni za waziri

Soma kifungu cha kuanza kutumika. Sheria nyingine huanza siku inapochapishwa, nyingine husubiri tarehe itakayotangazwa na waziri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilipita Novemba 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Waliodhani mwezi wa kupitishwa ndio wa kuanza walikosea, na waliodhani wana mwaka mzima wa kujiandaa walikosea pia.

Ndani ya muda huo wizara huandika kanuni, na humo ndimo zinamoingia ada, fomu, siku za kusubiri na masharti ya ukaguzi, yaani mambo yanayogusa mfuko wa mfanyabiashara kila wiki. Kanuni hizi hazisomwi mara tatu. Huchapishwa kwa Tangazo la Serikali, na Bunge huzichunguza baadaye kupitia Kamati ya Sheria Ndogo.

Kwa hiyo, siku Rais anapotia saini, andikeni barua ya pili kwa katibu mkuu wa wizara mkiomba kushirikishwa katika rasimu ya kanuni. Ambatisheni jedwali la safu nne lile lile, safari hii safu ya kwanza ikitaja kifungu cha sheria, kwa kuwa ibara sasa zimekwisha kuwa vifungu.